Salamu Ambazo Hakuzituma

Simu ya shukrani ilimkuta Pilipili ameshika ncha moja ya shuka la hoteli, mwenzake ameshika ya pili, na mashine ya kunyoosha inanguruma mbele yao. Kazini simu haipokelewi. Lakini aliyepiga alikuwa binamu yake, mtu ambaye hakumbuki namba ya ndugu mpaka pawe na msiba, na msiba kweli ulikuwa umetokea: shangazi yao mkubwa alizikwa wiki iliyopita. Kwa hiyo Pilipili aliibana simu kati ya sikio na bega, akaendelea kulisha shuka kwenye roli la moto la mashine.

Binamu alisema anashukuru sana. Maneno ambayo Pilipili aliyatuma msibani yaliwaliza watu, hata wanaume waliokuja kwa ajili ya chakula tu. Akaongeza kwamba hakujua kama Pilipili anaweza kuongea vile, maana tangu utotoni walimjua kwa mdomo wa moto.

Pilipili hakuwa ametuma neno lolote msibani. Alikuwa amempa mdogo wake pole kwa simu, maneno mawili, akarudi kwenye mashine. Hata hivyo alijibu, "Haya, asante," kwa sababu shuka lilikuwa limeanza kwenda upande, na shuka likienda upande linajikunja, linakwama, linaungua, kisha kelele zote za msimamizi ni zako.

Jina la Pilipili alipewa na baba yake, ambaye alisema mtoto huyu halii kwa njaa kama wenzake, analia kwa hasira. Likamkaa. Alikua nalo, akaolewa nalo, akaachika nalo, na mtu yeyote aliyethubutu kumtania kwamba pilipili usiyoila yakuwashia nini, alijibiwa mpaka akatamani angekaa kimya. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye akiona uongo, mwili wote unamwasha.

Sasa, watu wakisikia fulani yuko nje, akili zao hupanda ndege. Wanaona theluji, wanaona magari yanayojiendesha. Nchi aliyokwenda Pilipili haikuwa hiyo. Ilikuwa nchi kama nchi: mvua ikinyesha kuna matope, jua likiwaka kuna vumbi, na ukienda ofisini unaambiwa uje kesho. Tofauti ni kwamba kesho yenyewe ilikuwa inafika. Alikuwa amezoea kufua na kupiga pasi kwenye nyumba ya wageni ya mtaani kwao. Mwenye nyumba alipoiuza, mama mmoja waliyefanya naye kazi, aliyekuwa ametangulia huko, akamwambia kuna kiwanda cha udobi kinachotafuta mikono inayojua mashuka. Akaenda. Hakupelekwa na wakala, hakudanganywa na mtu. Alisaini mkataba akiwa na akili zake timamu, na mshahara ulioandikwa pale ulikuwa mshahara wa wenyeji, ule ule wa mwanamke anayeshika ncha ya pili. Ulitosha chumba, chakula, nauli ya basi na kidogo cha kutuma nyumbani. Ukiugua mwezi huo, hicho kidogo ndicho dawa.

Mwanamke wa ncha ya pili walikuwa wanaishi naye jengo moja, mlango kwa mlango, ndiyo maana alimwita Jirani. Jirani hakuwahi kulielewa hili jambo la nje. "Nje ya wapi?" alikuwa akiuliza. "Mimi nimezaliwa hapa, na nimezaliwa ndani." Wakicheka hapo, ndiyo imetoka, mpaka mapumziko.

Chumba chenyewe kilikuwa ghorofa ya saba. Si kwa ajili ya mandhari. Lifti ilikufa zamani, na kadiri unavyopanda ndivyo kodi inavyoshuka. Ndani kulikuwa na jiko la gesi la kuweka mezani, kabati lisilofunga, dirisha moja, na kitanda. Kitanda hiki kina habari zake. Mwanzoni alikuwa na kitanda chembamba cha mtu mmoja. Mwaka jana, siku aliyopata kibali cha kumleta mwanawe, alikiuza, akanunua kikubwa kilichotumika, akakipandisha ngazi zote zile akisaidiana na Jirani na shemeji wa Jirani. Mguu mmoja ulivunjika kwenye kona ya ghorofa ya tano, wakaufunga kwa waya. Tangu siku hiyo Pilipili alilala pembeni, karibu na mlango, na upande wa ukutani akauacha mtupu, shuka limenyooka kama la hoteli. Jirani alimcheka sana. Alimuuliza kama siku hizi analala na jini. Pilipili alimjibu kwamba upande ule una mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa binti yake. Waliomzoea walimwita Kimya, kwa kuwa alirithi macho ya mama yake lakini mdomo hakuurithi kabisa. Aliachwa kwa mjomba wake akiwa hajafikisha miaka kumi, na ahadi moja tu: mama akikaa sawa anakuja kukuchukua. Miaka ya kwanza mama hakukaa sawa. Kisha akakaa. Akapata kibali, akapata shule mtaa wa pili iliyokubali kumpokea mtoto, akakitengeneza kitanda. Kilichobaki kilikuwa hati ya kusafiria ya Kimya, na hiyo ilibidi ishughulikiwe nyumbani. Kazi hiyo akampa mdogo wake, huyo huyo mjomba.

Mdogo wake anaitwa Mwenyekiti. Usiulize wa nini. Hakuna aliyemchagua, lakini penye viti zaidi ya vitano yeye yuko mbele, ameshika kipaza sauti, anaomba watu wakae. Ukimpa dakika mbili anachukua nusu saa. Pilipili ndiye aliyembeba mgongoni mtu huyu, akamfuta kamasi, akapigana na watoto wa mtaa mzima kwa ajili yake. Kila alipomuuliza habari za hati, Mwenyekiti alijibu, "Mambo yanakwenda, dada." Mambo yalikwenda mwaka mzima bila kufika popote. Pilipili aliamini, kwa sababu ofisi za kwao alizijua, na kwa sababu ukishambeba mtu mgongoni ni vigumu kufikiri kwamba siku moja atakukalia kichwani.

Kimya naye alikuwa amebadilika. Zamani kwenye simu angalau alisema amekula nini na nani kampiga nani shuleni. Mwaka huu ikawa "Nzuri, mama. Ndiyo, mama. Haya, mama." Simu yenyewe ilikuwa ya wifi yake Pilipili, mke wa Mwenyekiti, na wifi hakuwa na tabia ya kumpa mtoto simu ashike sikioni. Aliiweka juu ya kaunta ya duka lake, kwenye spika, na mazungumzo ya mama na mwana yalisikika mpaka kwa wateja wa sukari. Pilipili alijiambia mtoto anakua, umri huo wote wanakuwa na kiburi. Akauliza kama amekula, akakata, akajilaza upande wake wa kitanda.

Ndipo jioni ile baada ya simu ya shukrani, binamu akatuma video. Alidhani anamfurahisha.

Pilipili aliitazama akiwa amekaa juu ya magunia ya mashuka machafu, mguu mmoja ameutoa kwenye kiatu ili upumue. Mwenyekiti alikuwa amesimama mbele ya waombolezaji na karatasi mkononi. Akakohoa. Akasema sasa anasoma salamu kutoka kwa dada yetu aliye nje, kama ilivyo kawaida yetu.

Kama ilivyo kawaida yetu. Pilipili alirudisha nyuma kusikia tena. Kumbe si mara ya kwanza. Kumbe miaka yote hii amekuwa akihutubia. Amehutubia harusi, amehutubia misiba, labda na mikutano ya mtaa, na yeye mwenyewe yuko kwenye mvuke anapambana na foronya.

Salamu zilikuwa ndefu. Zilisema kwamba yeye, dada yao, akiwa ghorofa ya saba ambako mji wote uko chini yake, moyo wake uko nao. Hapo Pilipili alicheka kidogo. Ghorofa ya saba yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia mdogo wake, akilalamika magoti. Zilisema majukumu yake kwenye mahoteli makubwa hayamruhusu kusafiri. Hapo hakucheka. Kisha Mwenyekiti akageuza karatasi, akashusha sauti, akasoma:

"Wengi mnaniuliza habari za binti yangu. Nampenda kuliko macho yangu. Lakini huku niliko hakumfai mtoto. Nimeamua, kwa hiari yangu, abaki kwa mjomba wake. Namwomba asiniulize tena jambo hili, kwa maana linaniumiza."

Watu wakaguna kwa huruma. Aliyekuwa anapiga video akaigeuza kamera kuonyesha umati, na pale pembeni, karibu na wifi, alikuwa Kimya, amerefuka, amebeba sinia la vikombe. Alisimama kidogo. Kisha akaendelea kugawa vikombe.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mwenyekiti alikuwa ameboresha: asiyekuwepo, lake unamsemea wewe. Mtu akikuibia kuku utampata na manyoya. Huyu kaiba mdomo wa dada yake na kumfukuzia mtoto, halafu anapangusa machozi kwa leso. Pilipili hakulia. Damu ilimpanda mpaka masikio yakaziba, na aliporudi kwenye mashine alivuta shuka kwa nguvu hivi kwamba Jirani karibu aende nalo kwenye roli.

Jirani alipoambiwa, alisema apige simu sasa hivi amtukane mpaka simu ipasuke. Pilipili alikataa. Kwenye simu Mwenyekiti hashindwi. Atamwita dada mara kumi, atamwambia amesikia vibaya, atampa wifi, wifi ataanza kulia. Na kumweleza Kimya ni kama kutangaza sokoni, kwa ile spika juu ya kaunta. Mtoto ameambiwa mbele ya watu, kwa kipaza sauti, kwamba mama yake hamtaki. Jambo hilo haliondolewi kwa simu.

Binamu, ambaye bado hakujua amewasha moto gani, alikuwa ametaja pia kwamba Jumamosi ijayo Mwenyekiti anafanya hafla ya kumpongeza Kimya kwa kumaliza shule ya msingi. Hema limeshakodiwa. Pilipili akaenda kwa msimamizi kuomba ruhusa. Msimamizi alisema huu ni msimu wa wageni, hoteli zimejaa, haiwezekani. Pilipili alisema hakuja kuuliza kama inawezekana, amekuja kumpa taarifa. Wakatazamana. Msimamizi, ambaye naye alikuwa mzazi, alimpa wiki moja bila malipo, na akamwonya kwamba akizidisha hata siku moja atamkuta mtu mwingine ameshika ile ncha.

Alisafiri kwa basi, kwa kuwa ndege ni ya wale wanaosemwa kwenye salamu. Hakununua zawadi hata moja. Alichukua begi la mgongoni lenye nguo mbili na makaratasi ya kibali, akakaa dirishani siku nzima na nyingine karibu yote, akitunga matusi. Alitunga mazuri sana. Mengine yalikuwa na vina.

Alipofika, hema lilikuwa limejaa. Viti vya plastiki, spika mbili kubwa, na Mwenyekiti kwenye suti mbele ya wote. Hakuna aliyemtambua. Watu walizoea kumwaza mwanamke wa masanduku na manukato, hawakuwa na muda na mwanamke aliyekonda mwenye begi la mgongoni na vumbi la barabara. Alikaa safu ya nyuma. Bibi mmoja wa mtaani alisogea kumpisha, akamuuliza yeye ni wa upande gani.

"Wa upande wa mama," Pilipili alijibu.

Bibi alisikitika. Alisema mama mwenyewe hayupo, yuko nje, mtoto ameachwa tu kama mzigo uliosahaulika stendi. Lakini ana maneno matamu mwanamke yule, akasema, utayasikia sasa hivi.

Kimya alikuwa akipita baina ya viti na sinia. Siku ya kupongezwa kwake mwenyewe, ni yeye anayegawa vinywaji. Pilipili alimwona kwa mbali, mgongo wake mwembamba ndani ya gauni la kuazima, akashika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili ili asinyanyuke mapema. Alitaka kusikia. Mtu akikusemea, msikilize kwanza amalize.

Mwenyekiti alikohoa, akakunjua karatasi. Salamu kutoka kwa dada yetu. Na hapa ndipo palipomchoma Pilipili mahali asipotegemea, kwa sababu salamu zilikuwa nzuri. Mama yule wa kwenye karatasi alimsifu binti yake. Alisema anajua jinsi alivyojifunza baiskeli kwa kuanguka mara nyingi na hakulia. Anajua jinsi alivyougua homa wakati wa mitihani, akaamka, akaenda kuifanya. Anajua jinsi anavyosoma kwa sauti ya chini watoto wa mjomba wakishalala. Pilipili alikuwa hajui hata moja kati ya hayo. Mwongo yule alimjua mtoto wake kuliko yeye, na hilo lilimzidishia hasira mpaka akaona hema linazunguka.

"Na sasa amemaliza shule," Mwenyekiti alisoma, "naona ni vyema apumzike na masomo kidogo, amsaidie wifi yangu dukani."

Basi hapo ndipo kamba ilipofikia mwisho wake. Kumbe lilikuwa duka. Mwaka mzima mambo yanakwenda, kumbe duka linahitaji mtu wa kulifungua asubuhi, mapacha wa wifi wanahitaji wa kuwaogesha, na Mwenyekiti anahitaji kuendelea kuwa ndugu wa mtu aliye nje, anayewekewa kiti cha mbele. Kimya akiondoka, wifi anabaki na kazi zake, na salamu zinakosa mtoto wa kuwaliza watu. Ndiyo siri yote. Haikuwa na kina kuzidi beseni.

Pilipili alisimama, akapita katikati ya viti. Watu walidhani anakwenda chooni. Mwenyekiti alimwona akiwa hatua chache tu, na mdomo wake ulibaki wazi mbele ya kipaza sauti, kwa hiyo kilichotoka kilisikika mpaka barabarani.

"Dada. Mbona hukusema unakuja?"

"Nisemeje na wewe ndiye unayenisemea?" alisema Pilipili. "Hukusoma humo kwamba nakuja?"

Akamnyang'anya kipaza sauti, na karatasi pia. Aliitazama. Ilikuwa bili ya maji. Maneno yote yale matamu yalikuwa yakitoka kichwani mwa mtu anayesoma bili ya maji.

Yale matusi ya kwenye basi yalikuwa yote yamepangika mdomoni, yanasubiri amri. Lakini alipogeuka alimwona Kimya amesimama na sinia, amemkazia macho, na matusi yakawa hayana kazi. Akasema kwa sauti ya kawaida kwamba yeye ndiye huyo dada. Kwamba anafanya kazi ya udobi, kulisha mashuka kwenye roli kuanzia asubuhi, mshahara wake ni sawa na wa mwenyeji yeyote wa pale, na ghorofa ya saba anaipanda kwa miguu. Kwamba hajawahi kutuma salamu kwenye shughuli yoyote. Kwamba mwaka mzima amekuwa akimwomba ndugu yake huyu afuatilie hati ya mtoto ili amchukue, na kibali hiki hapa, atakayetaka aje akishike.

Bibi wa safu ya nyuma alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio. Wifi alianza kulia, kama ilivyotabiriwa.

Mwenyekiti alimsogelea, akanong'ona, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu. "Unanidhalilisha mbele za watu, dada. Mimi nilikuwa nalinda heshima yako. Ulitaka niwaambie unafua mashuka?"

"Ndiyo," alisema Pilipili. "Nafua mashuka. Heshima yangu ni hiyo, na haijawahi kuomba mlinzi. Wewe hukuwa unalinda chochote. Ulimwambia mtoto wangu simtaki."

Mwenyekiti alitafuta neno. Mtu aliyekuwa na maneno ya kumsemea kila asiyekuwepo, alikosa moja la kujisemea mwenyewe akiwepo. Pilipili alisubiri kidogo ampe nafasi, maana haki ni haki, kisha akamgeuzia mgongo.

Watu sasa walitegemea mtoto akimbie, aruke shingoni, vigelegele vipigwe. Wanawake wawili walishajiandaa. Kimya hakukimbia. Alikuja taratibu kwa sababu sinia lilikuwa limejaa, akasimama mbele ya mama yake. Walikuwa wamekaribia kulingana urefu. Pilipili alikizima kipaza sauti.

"Yule wa kwenye salamu nilikuwa nampenda," Kimya alisema.

Aliliweka sinia sawa lisimwagike.

"Hata aliposema hanitaki, alisema vizuri. Alikuwa ananisifu mbele za watu. Wewe unaniuliza kama nimekula, halafu unakata."

Neno lile lilimfika. Hasira aliyoibeba kwenye basi, iliyomfikisha mpaka pale mbele, ilitafuta wa kumwangukia ikamkosa. Angeweza kusema simu ilikuwa kwenye spika. Angeweza kusema miguu, mvuke, msimamizi. Yote ni kweli, na hakuna hata moja ambalo lingemsaidia mtoto. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wanasema, lakini hawasemi uchungu wa mzazi mtoto ataujulia wapi kama hauambiwi.

"Mimi kusifu sijui," alisema mwishowe. "Kumpenda mtu najua, kusifu sijui. Nisikilize nikwambie yaliyoko. Chumba ni kimoja. Choo tunashirikiana na watu wa milango minne. Maji yanapanda asubuhi tu. Shule iko mtaa wa pili, lugha yao utaisikia vibaya mwanzoni na watakucheka. Nikirudi kazini huwa siongei mpaka nikae kwanza, na siku nyingine nitakukasirikia bure. Nyama si kila siku. Jumatatu tunakwenda wenyewe kwenye hiyo ofisi ya hati. Wakichelewesha, kazi yangu itapewa mtu mwingine, tutatafuta nyingine. Hizo ndizo salamu zangu. Mazuri ya kuongeza sina."

Kimya alimtazama usoni, kisha akaitazama mikono yake, pale kwenye mistari ya kuungua iliyopanda kutoka kwenye vidole mpaka kwenye viwiko.

"Vitanda viwili?" aliuliza.

"Kimoja. Kikubwa. Mguu mmoja tumeufunga waya."

"Nitalala upande gani?"

"Wa ukutani," alisema Pilipili. "Tangu nikinunue hakuna aliyeulalia."

Kimya aliangalia huku na huku akitafuta pa kuweka sinia. Meza ilikuwa mbali. Akamgeukia mjomba wake, akamwekea mikononi, vikombe vyote vikiwa vimejaa, na akaingia ndani kuchukua nguo zake.